Usurealisti dhahania: taswira zake na hali inayotawala mchoro

Usurealisti ni mkondo wa sanaa unaochota kwenye ndoto na fikra zisizodhibitiwa, na upande wake wa dhahania hauchori vitu vinavyotambulika wazi. Mchoro wa kisurealisti dhahania huanza bila mpango: doa, mkwaruzo au mstari wa mkono ulioachiwa uende. Humo huchipuka maumbo ya nusunusu, kama mbegu, kama mfupa, kama kiumbe wa majini, ila hakuna hata moja utakaloliapia. Dhahania ya miraba na mistari haikuchokozi utafute kiumbe. Mchoro huu unakuchokoza, kisha unakunyima jina lake.

Mwandishi Mfaransa André Breton alitoa ilani ya usurealisti Paris mwaka 1924. Wengi huujua kwa saa zinazoyeyuka za mchoraji Salvador Dalí, lakini saa ni saa hata ikiyeyuka. Upande wa dhahania uko zaidi kwa wachoraji André Masson na Joan Miró.

Hali ya upweke na wasiwasi inayotawala michoro hii haitokani na ajabu ya maumbo. Tazama michoro ya Yves Tanguy, msurealisti mwingine: vivuli vikali lakini jua halionekani, na ardhi inafifia kuingia angani hadi hujui upeo uko wapi. Kwa kuwa hakuna mti wala mtu wa kulinganisha, kile kijiwe chaweza kuwa punje au mlima. Jicho linakosa kipimo, na hapo ndipo wasiwasi unapoingia. Futa vivuli, yabaki mapambo ya kitenge.

Njia moja ya kupata madoa ya kuanzia mchoro ililetwa kwa wasurealisti na mchoraji Oscar Domínguez katika miaka ya 1930, na mwenzake Max Ernst akaipeleka kwenye rangi ya mafuta. Paka rangi nyepesi kwenye karatasi isiyonyonya, laza nyingine juu, kandamiza kwa kiganja, kisha bandua kuanzia pembe moja. Hutoka mishipa kama ya matumbawe. Rangi ikiwa nyingi huvujia kando na mishipa inazibana. Ikiwa chache, unapata vumbi tu. Akriliki kwenye joto la Nairobi la Februari hukauka kabla hujabandua, kwa hiyo fanyia kivulini na uchanganye kikawizishi (dawa ya kuchelewesha rangi kukauka), au tumia ya mafuta. Ukikunja karatasi moja katikati badala ya kulaza mbili, utapata kipepeo, na kila mtazamaji ataishia hapo.

Kosa kubwa huja baadaye, mchoraji anapoona uso ndani ya doa akaumalizia kwa jicho na mdomo. Mchoro unageuka kitendawili kilichokwisha teguliwa. Zungusha turubai pande zote nne kabla ya kuongeza chochote. Umbo likisomeka wazi upande wowote, likwangue.