Vita Vilikwisha, Maamuzi Yakabaki: Dhana Potofu Kuhusu Historia na Usalama wa Leo

Kila mgogoro mkubwa wa leo una mtu wa zamani wa kubebeshwa lawama. Mashariki ya Kati ni Sykes na Picot, wanadiplomasia wa Uingereza na Ufaransa; ugaidi ni CIA, shirika la ujasusi la Marekani; Kongo ni wakoloni. Lawama hizo zina ukweli ndani yake, ndiyo maana zinadumu. Kasoro yake ni kwamba zinairuka miaka yote ya katikati, na humo ndimo walimo watu waliokuwa na nafasi ya kubadili mambo wasiyabadili.

Dhana: Mipaka ya Mashariki ya Kati ilichorwa na Sykes na Picot.

Juni 2014, wapiganaji wa kundi linalojiita Dola la Kiislamu walisawazisha kwa tingatinga tuta la mchanga mpakani mwa Iraq na Syria, wakatangaza kwamba wameifuta Sykes-Picot. Video ilisambaa dunia nzima, lakini historia yao ilikuwa mbovu. Sykes-Picot, yaani makubaliano ya siri ya Mei 1916 kati ya Uingereza na Ufaransa, yaliiweka Mosul upande wa Ufaransa na kuiacha sehemu kubwa ya Palestina chini ya utawala wa kimataifa. Hayo yote hayakutimia. Uingereza iliing'ang'ania Mosul, mkutano wa San Remo wa Aprili 1920 ukagawa maeneo upya, Waturuki wakapigana hadi wakapata mkataba mwingine kule Lausanne mwaka 1923, na suala la Mosul likamalizwa mwaka 1926 kupitia Shirikisho la Mataifa. Kichekesho ni kwamba kwa ramani ya 1916, Mosul ya Iraq na Raqqa ya Syria zingekuwa eneo moja, kama wapiganaji wenyewe walivyotaka.

Kilichobaki kutoka vita vile ni ahadi zaidi kuliko mistari. Uingereza ilimwahidi Sharif Hussein wa Makka dola ya Waarabu, ikaiahidi Ufaransa sehemu ya ardhi hiyohiyo, na Novemba 1917, kwa barua ya waziri wake wa mambo ya nje, Balfour, ikaahidi kuunga mkono makazi ya kitaifa ya Wayahudi Palestina. Ubishi juu ya ahadi hizo bado unaendelea.

Dhana: Korea iligawanywa kwa mpango uliopikwa muda mrefu na mataifa makubwa.

Afadhali ungepikwa. Usiku wa kuamkia Agosti 11, 1945, maofisa wawili wa jeshi la Marekani, Dean Rusk na Charles Bonesteel, walipewa kama nusu saa watafute mstari: kaskazini yake Wasovieti wapokee silaha za Wajapani waliokuwa wakiitawala Korea, kusini wapokee Wamarekani. Haraka ilikuwa na sababu. Vikosi vya Kisovieti vilikuwa vimeshaanza kuingia Korea, huku vya Marekani vilivyokuwa karibu zaidi vikiwa Okinawa, ng'ambo ya bahari. Mezani palikuwa na ramani ya National Geographic. Maofisa hao hawakuona mpaka wa asili uliowafaa, wakachukua latitudo ya nyuzi 38 kwa sababu iliiacha Seoul kusini. Hapakuwa na mtaalamu wa Korea chumbani, na Wakorea hawakuulizwa. Rasi ya Ongjin ilikatwa na mstari huo, ikawa haifikiki kwa nchi kavu kutoka kusini. Moscow ilikubali bila ubishi, jambo lililomshangaza hata Rusk.

Mstari ulikuwa wa muda, wa kupokelea silaha tu. Hapo ndipo wasimulizi wengi wanapoishia, na ndipo makosa mazito yanapoanza. Tume ya pamoja ya Marekani na Wasovieti ilikaa vikao, ikashindwa kuelewana. Mwaka 1948 kila upande ukawa na serikali yake. Juni 25, 1950 Kim Il-sung, kiongozi wa kaskazini, akavamia kusini. Mapigano yaliposimama Julai 27, 1953, mstari wa Rusk haukuwa mpaka tena. Kaesong, iliyokuwa kusini, iliishia kaskazini, na mpaka wa leo umekaa mshazari. Mkataba wa amani haujasainiwa hadi sasa.

Kuna barua moja inayostahili kujulikana kuliko ile ramani. Julai 1950, jeshi lake likiwa linarudi nyuma, Rais Syngman Rhee alimwandikia Jenerali MacArthur wa Marekani akimkabidhi amri ya majeshi yote ya Korea Kusini kwa kipindi chote cha uhasama. Amri ya wakati wa amani ilirudi Seoul Desemba 1994. Ile ya wakati wa vita ilibaki kwa kamandi ya pamoja inayoongozwa na jenerali wa Marekani, na serikali moja baada ya nyingine zimepanga tarehe ya kuirudisha kisha zikaiahirisha. Rhee huyohuyo alikataa kutia saini usitishaji wa mapigano, akaambulia mkataba wa ulinzi wa Oktoba 1953, ambao ndio msingi wa kuwepo kwa askari wa Marekani wapatao 28,500 nchini humo. Kila Washington na Seoul zinapovutana juu ya gharama za askari hao, zinavutana juu ya saini ya 1953.

Dhana: Vita vya Pili vya Dunia vilifungwa na mikataba, vikaisha.

Japani na Urusi hazijawahi kusaini mkataba wa amani. Majeshi ya Kisovieti yaliviteka visiwa vya Kuril baada ya Japani kutangaza kusalimu amri Agosti 15, 1945, na vinne vya kusini ndivyo vinavyogombaniwa. Tamko la pamoja la 1956 lilimaliza hali ya vita na kurudisha uhusiano wa kibalozi, lakini halikuwa mkataba wa amani. Machi 2022, baada ya Japani kuiwekea vikwazo kwa sababu ya Ukraine, Urusi ilisitisha mazungumzo.

Dhana: Marekani ilimlipa na kumfunza bin Laden.

Hakuna ushahidi wa hilo. Bin Laden alikuwa na fedha zake na za wafadhili wa Ghuba, na Waarabu waliopigana na Wasovieti Afghanistan walikuwa wachache mno ukilinganisha na Waafghani. Lakini anayeishia hapo akidhani ameisafisha Marekani naye amekosea. Uamuzi uliozaa madhara ulikuwa wa kiutawala, tena wa kuchosha kuusimulia: fedha na silaha za CIA zilipitia kwa ISI, idara ya ujasusi ya Pakistan, nayo ikapewa uhuru wa kuchagua wapokeaji. ISI ilimpendelea Gulbuddin Hekmatyar, kiongozi mmoja wa mujahidina, na miaka ya tisini mwanzoni mtu huyo aliinyeshea Kabul maroketi. Askari wa mwisho wa Kisovieti waliondoka Februari 15, 1989. Misaada ya Marekani kwa mujahidina ilikoma mwanzoni mwa 1992, na Washington ikageuka upande mwingine, isipokuwa pale ilipotuma watu kuyanunua tena makombora ya Stinger, ya kutungulia ndege, iliyokuwa imeyagawa. Bin Laden aliporejea Afghanistan mwaka 1996 akitokea Sudan, alikuta nchi iliyosambaratika. Miaka miwili baadaye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa siku moja, Agosti 7, 1998, wakafa watu zaidi ya 200.

Dhana: Makombora ya Iran ni zao la itikadi peke yake.

Itikadi ipo, sikatai. Lakini Iraq ilipoivamia Iran Septemba 22, 1980, azimio la kwanza la Baraza la Usalama halikuitaja Iraq kuwa mvamizi wala kuitaka iondoke. Iraq ilitumia gesi ya sumu, na mwaka 1988 ikaipiga Tehran kwa makombora, wakati Iran ilikuwa na ndege za Kimarekani zisizo na vipuri. Iran ilihangaika kupata makombora ya Scud kutoka Libya na Korea Kaskazini, kisha ikaanza kutengeneza yake. Ndiyo maana suala la makombora halikuingia katika mkataba wa nyuklia wa 2015 kati ya Iran na mataifa makubwa.

Dhana: Kambi za wakimbizi ni suala la huruma, si la usalama.

Julai 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka kuingia Goma, nchini Zaire (Kongo ya leo), kwa siku chache, na kipindupindu kikawafyeka. Pamoja nao ilivuka serikali iliyokuwa imefanya mauaji ya kimbari, pamoja na jeshi lake, wanamgambo wa Interahamwe, silaha na fedha. Kambi kama Mugunga na Kibumba ziliwekwa karibu mno na mpaka, na watu wakapangwa kwa komini zao za nyumbani. Kwa hiyo viongozi walewale walioandaa mauaji ndio waliosimamia orodha za chakula. Mwenye orodha ndiye mwenye kambi. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka Novemba 1994 likikataa kulisha mfumo huo.

Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Boutros Boutros-Ghali, aliomba askari wa kuwatenga wapiganaji na raia, lakini serikali hazikutoa. Badala yake, mwaka 1995, UNHCR, shirika la umoja huo la wakimbizi, iliwalipa askari 1,500 wa Rais Mobutu wa Zaire walinde kambi. Mwishoni mwa 1996 zilivunjwa kwa mashambulizi, wakimbizi wengi wakarudi Rwanda na wengine wengi wakauawa misituni, na Mei 1997 Mobutu mwenyewe akaanguka. Mabaki ya wapiganaji wale ndiyo yaliyounda kundi la waasi la FDLR mwaka 2000.

Kigali inaitaja FDLR kila inapoulizwa kuhusu mashariki ya Kongo. Kinshasa hujibu kwamba ni kisingizio. Na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inaiunga mkono M23, kundi la waasi wa Kongo, iliyoiteka Goma Januari 2025, tuhuma ambayo Rwanda inaikana. Makubaliano ya Kongo na Rwanda yaliyosainiwa Washington Juni 27, 2025 yameweka katika mpango mmoja kuidhibiti FDLR na Rwanda kuondoa kile inachokiita hatua zake za ulinzi. Sehemu ya kwanza ya mpango huo ndiyo kazi iliyokosa askari mwaka 1994.