Kupima Sumu ya Maji kwa Dafnia: Yanayoharibu Kipimo Kabla Hujatuletea Matokeo

Tangu vikundi vya wananchi vianze kupewa vifaa vya kupimia sumu ya maji kwa dafnia, taarifa tunazopokea hapa maabara zimeongezeka. Tunashukuru kwa dhati, maana anayeishi kando ya mto huona majitaka saa ileile yanapomwagwa. Lakini mengi ya matokeo hayo hatuwezi kuyatumia, na kasoro huwa kwenye namna kipimo kilivyofanywa.

Dafnia, mnyama mdogo wa maji baridi aliye wa ukoo mmoja na kamba na kaa, hujibu swali moja tu: je, maji haya yana kitu kinachodhuru viumbe wa majini kwa muda mfupi? Hasemi kama kitu hicho ni shaba, amonia au dawa ya kuua wadudu. Wala hasemi kama maji yanafaa kunywa. Hili tumelieleza mara nyingi na bado tunaulizwa. Bakteria wa kinyesi wanaomlaza mtu hospitalini hawamzuii dafnia kuogelea siku mbili nzima. Usimpe mtu maji anywe kwa sababu tu dafnia wamepona.

Sampuli ichukuliwe sehemu mbili za mto: upande wa juu maji yanakotoka, kabla ya mahali majitaka yanapoingilia, na upande wa chini yanakoelekea. Bila ile ya juu huwezi kusema sumu imetoka wapi. Suuza chupa mara tatu kwa maji yenyewe, ijaze pomoni isibaki hewa, ifunge, iweke kwenye barafu yapata nyuzi 4. Usitie tindikali ile ya kuhifadhia sampuli za metali, itaua kila mnyama. Kipimo kianze ndani ya saa 36. Chupa iliyokaa kabatini wiki nzima haina tena maji uliyoyateka, kwa sababu klorini na kemikali nyepesi hutoroka na bakteria huendelea kuvunjavunja kilichobaki.

Tumia watoto wa dafnia wasiozidi saa 24 tangu kuzaliwa. Wakubwa huhimili sumu zaidi, na wengine watazaa katikati ya kipimo wakuvurugie hesabu. Maji safi ya kuchanganyia na sampuli yasiwe ya bomba: klorini huwaua, na shaba ya mabomba pia. Yatengeneze kwa maji yaliyochujwa chumvi, ukiweka katika kila lita miligramu 294 za kalsiamu kloridi yenye molekuli mbili za maji, 123 za magnesiamu salfeti yenye molekuli saba, 65 za sodiamu baikaboneti na 6 za potasiamu kloridi. Yapulizie hewa kabla ya kutumia.

Pima sampuli ikiwa asilimia 100, kisha ikichanganywa na maji hayo iwe asilimia 50, 25, 12.5 na 6.25. Kila kiwango kiwe na vikombe vinne vyenye dafnia watano kila kimoja, na mililita zisizopungua 10 kwa kikombe. Ongeza vikombe vinne vya maji safi uliyotengeneza, hilo ndilo kundi la kulinganishia. Joto liwe kati ya nyuzi 18 na 22 bila kuyumba zaidi ya nyuzi moja. Usiwalishe.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: kuwahamisha. Dafnia akidondoshwa kutoka juu, hewa hunasa kwenye gamba lake, akaelea juu ya maji akitapatapa asiweze kuzama. Baada ya saa chache anahesabiwa kuwa ameathirika, kumbe maji hayana kosa. Tumia pipeti (kimrija cha kunyonyea maji) yenye mdomo mpana, iingize ndani ya maji ndipo umwachie.

Soma matokeo baada ya saa 24 na saa 48. Tikisa kikombe taratibu, uangalie kwa sekunde 15. Asiyeogelea ndani ya muda huo anahesabiwa, hata kama vipapasio bado vinachezacheza. Kama katika wale 20 wa maji safi wameshindwa kuogelea zaidi ya wawili, kipimo chote kimebatilika. Usitafute sababu ya kukiokoa, rudia.

Pima pia oksijeni mwishoni. Ikiwa chini ya miligramu 3 kwa lita, jambo la kawaida kwa maji ya vyoo, huenda wanyama wamekosa hewa tu. pH, yaani kipimo cha kama maji yana tindikali au magadi, iandike kama ilivyo, usiirekebishe kwanza, maana amonia hiyohiyo huwa kali zaidi pH inapopanda.

Kuhusu ushahidi. Fomu ionyeshe mahali, saa, hali ya hewa, joto, pH, na jina la kila aliyeshika chupa pamoja na sahihi yake wakati wa kukabidhiana. Nafasi moja ikiwa tupu, wakili wa upande wa pili ataanzia hapo. Aidha, kutangaza jina la kiwanda hadharani kwa kipimo kimoja kunaweza kukugeuza wewe mdaiwa katika kesi ya kashfa. Lete matokeo, nasi tutarudia kipimo. Kabla ya kurudia tunawajaribu dafnia wetu kwa potasiamu daikromati: nusu yao washindwe kuogelea kati ya miligramu 0.6 na 2.1 kwa lita katika saa 24, vinginevyo hatuwatumii. Kemikali hiyo husababisha saratani, hivyo hatuigawi kwa vikundi, na tunaomba tusisisitizwe.

Ukimaliza, usiwamwage dafnia mtoni. Huenda si wa asili ya maji yale. Wamwagie maji ya moto, kisha rudisha mabaki yote ya sampuli kwetu kwenye chupa yenye lebo.