Shoksi Haibebi Gari

Juma lililopita, katika gereji moja ya hapa Nakuru, kijana mwenye Subaru Impreza ya buluu alimkabidhi fundi kipande cha karatasi kilichoandikwa: "Shoksi nne za kushusha gari, zile ngumu." Fundi alikisoma, akakikunja na kukitia mfukoni bila kusema neno, kwa kuwa maombi ya namna hiyo huyapokea kila siku. Mimi nimeyasikia kupita kiasi, nami nikaona heri niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Springi hubeba gari, na shoksi hutuliza springi. Kimo cha gari kutoka ardhini huamuliwa na springi pamoja na kikalio chake, yaani mahali inapokaa. Shoksi pekee, hata ile yenye gesi ndani, haina nguvu ya kulisimamisha gari. Kwa hiyo hakuna shoksi ya kushusha gari. Ipo springi ya kushusha, na ipo shoksi inayolingana nayo. Hata kwenye koilova, yaani springi iliyovikwa juu ya shoksi, ambako kikalio cha springi huzungushwa kama nati juu ya mwili wa shoksi, kinachoshusha gari ni kikalio kile, wala si shoksi iliyokibeba.

Lawama ya kwanza naielekeza kwa Kiingereza. Jina shock absorber lilienea Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Edward V. Hartford alipokuwa akiuza kifaa kilichobuniwa na Mfaransa aliyeitwa Truffault, ambacho kilikuwa na visahani vilivyobanwa pamoja na kusuguana kila gari lilipopanda na kushuka. Kifaa hicho hakikunyonya mshtuko wa shimo, maana mshtuko ulikuwa umekwisha kupokewa na springi. Kilichofanya ni kuizuia springi isiendelee kuwarusha abiria baada ya shimo kupitwa. Jina lilikosewa tangu siku ya ubatizo. Wahandisi wa Uingereza hupendelea kusema damper, yaani kifaa kinachofifisha. Wafaransa husema amortisseur, neno lenye asili moja na mort, kifo, kwa kuwa kazi yake ni kuua mwendo. Wajerumani nao husema Stoßdämpfer: wanautaja mshtuko, lakini wanakiri kwamba unafifishwa tu.

Sisi tulilipokea neno pamoja na kosa lake. Kwanza likawa shokomzoba, umbo ambalo mimi binafsi nalipenda, kwa jinsi masikio yetu yalivyotengeneza "mzoba" mahali ambapo hapakuwa na mzoba wowote. Kisha gereji zikalikata likawa shoksi, na ile "s" ya wingi wa Kiingereza ikaingia humo humo, kama ilivyoingia kwenye soksi, ndiyo maana mguu mmoja huvaa soksi moja na gurudumu moja likawa na shoksi moja. Sina ugomvi na umbo hilo, kwa kuwa lugha ina haki ya kumeza inachokipenda. Ugomvi wangu uko kwenye maana, na laiti ningeulizwa mapema, ningependekeza "kitulizi".

Tofauti ya vitu hivi viwili ni kwamba springi huitikia umbali, ilhali shoksi huitikia kasi. Chukua shoksi ambayo haijafungwa garini, isimamishe juu ya benchi, uweke kiganja juu ya fimbo yake na kuegemea taratibu: fimbo itazama bila ubishi mpaka mwisho. Sasa ivute juu, kisha uisukume kwa ghafla, itakukatalia. Ndani yake mna pistoni yenye vitundu na vali, iliyozama katika oili, na oili haikubali kuharakishwa kupita kwenye tundu dogo. Nguvu inayopotea humo hugeuka joto, na ndiyo sababu ukishuka garini baada ya kilomita kadhaa za barabara mbovu na kugusa mwili wa shoksi, utaukuta umepata moto.

Tuseme pembe moja ya gari ina uzito wa kilo 300, na springi yake hudai nyutoni 20 kwa kila milimita inayobonyezwa. Gari likitua juu yake, springi itabonyea takriban milimita 147, na ikiachwa icheze bila shoksi, gari litapanda na kushuka kama mara 1.3 kwa sekunde. Iondoe, uweke yenye urefu ule ule lakini ugumu wa nyutoni 30. Hiyo itabonyea milimita 98 tu. Msomaji ameona? Gari limepanda milimita 49! Ugumu peke yake hupandisha gari, na kijana wetu aliyeomba "zile ngumu" alikuwa akiomba kinyume cha alichokitaka. Springi ya kushusha hulazimika kuwa fupi kwa kiasi cha kufuta mpando huo kwanza, ndipo ianze kushusha.

Springi hiyo ngumu sasa hucheza kama mara 1.6 kwa sekunde, na ili itulizwe kwa kiwango kile kile, shoksi inahitaji nguvu zaidi kwa takriban asilimia 22, kwa sababu hitaji hilo hukua kwa kipeuo cha pili cha ugumu. Shoksi ya kiwandani haikuandaliwa kwa hilo, sembuse iliyochakaa. Inalemewa hasa wakati springi inaporudi juu, ikirudisha yote iliyoyakusanya ilipobonyezwa, na si ajabu kwamba shoksi za Koni Sport, zile za manjano, zina kirekebisho cha mwendo wa kurudi peke yake.

Lipo pia suala la nafasi, ambalo husahauliwa kabisa. Ukishusha gari milimita 35, pistoni hukaa chini kwa kadiri hiyo (au karibu nayo) kabla hujaondoka nyumbani. Kwenye tuta la kwanza la barabara ya Njoro inafika kwenye raba ya kikomo, na mwenye gari husema, kwa fahari, kwamba shoksi zake ni ngumu. Anachokihisi mgongoni ni raba. Gari likiinuliwa kwa jeki, springi fupi juu ya shoksi ndefu hulegea na kucheza kwenye kikalio chake, jambo ambalo hutibiwa kwa shoksi yenye mwili mfupi. Wanaokata springi kwa grainda wanaongeza ugumu pia bila kujua: ukiondoa duara moja kati ya sita zinazofanya kazi, ugumu hupanda asilimia 20. Wanaozipasha kwa moto wa gesi hadi zilale, hao wanaharibu chuma chenyewe, na sina la kuwaambia.

Nikiri kwamba sipingi kushusha gari. Ila huwa nashangaa kwamba vijana hawa hawa hufurika Naivasha kila Safari Rally inapokuja, wakashangilia magari yaliyoinuliwa juu kwa springi na shoksi zenye mwendo mrefu, kisha wakarudi Nakuru kuyalaza ya kwao kwa jina la mashindano.

Nilimwomba fundi ile karatasi, na kijana akaniruhusu kuiandika upya. Nikafuta mstari wake, nikaweka: "Springi nne za kushusha, milimita 25, pamoja na shoksi nne fupi zinazolingana nazo."

Aliisoma mara mbili. "Kwa hiyo, mzee, hivi ni vitu viwili?"

Nikamwambia ndiyo, ni viwili, na fundi akachukua kalamu kukokotoa bei upya.