Homa kwa mtoto wa chini ya miezi miwili: maswali kuhusu vipimo vya damu

Homa ni joto kiasi gani kwa mtoto wa umri huu?
Nyuzi 38 au zaidi, zikipimwa kwa kipimajoto. Kiganja cha mkono si kipimo. Kausha kwapa, weka kipimajoto, bana mkono wa mtoto hadi kilie. Ukikuta 37.5 hadi 37.9 na mtoto kavikwa kofia, soksi na mablanketi mawili, mpunguzie nguo upime tena baada ya dakika 15. Isiposhuka, njoo. Ikiwa imefika 38, usirudie kupima, funga safari. Chini ya 35.5 ni hatari vilevile, kwani mtoto mchanga mwenye maambukizi makali anaweza kupoa badala ya kuchemka.

Dada yake alipata homa, tukampa dawa ya maji, akapona. Huyu tusimpe kwanza tuone?
Hapana. Dada yake ana miaka mitatu, huyu ana wiki tatu. Kinga yake bado changa. Bakteria wakianzia kwenye kitovu, mkojo au mapafu, huingia kwenye damu na wanaweza kufika kwenye utando wa ubongo upesi sana. Asubuhi ananyonya kivivu, jioni hanyonyi kabisa. Huko "kuona" kunakosubiriwa nyumbani ndiko kunakotuletea watoto walioanza degedege.

Hata parasetamo?
Parasetamo hushusha joto tu, bakteria haiwagusi. Joto likishuka familia inatulia na safari inaahirishwa hadi kesho. Usimpe, mlete.

Na ile antibayotiki iliyobaki kwenye chupa?
Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kijiko kimoja hakitoshi kumponya, ila kinatosha kuharibu kipimo. Kipimo kikuu hapa ni kuotesha damu: damu huwekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, kisha huachwa kwenye joto la mwili ili waliomo wakue, watambuliwe, na ijulikane dawa ipi inawaua. Dawa ikiwa tayari kwenye damu, hawaoti. Jibu linatoka "hakuna kilichoota" na mtoto ni mgonjwa vilevile. Basi tunatibu kwa kukisia.

Labda ni meno, au chanjo?
Meno huanza kuota kwenye miezi sita hivi; mtoto wa mwezi mmoja hana homa ya meno. Chanjo za wiki ya 6 kweli zinaweza kuleta homa ndani ya siku moja au mbili, lakini bakteria hawasubiri ratiba ya kliniki. Mlete, mtoa huduma aamue.

Kipimo cha malaria kimesema hana. Si turudi nyumbani?
Msirudi. Kukosa malaria hakumaanishi kukosa bakteria. Hata akikutwa na malaria, anaweza kuwa na vyote viwili.

Mnamtoa damu nyingi mno. Haitaisha?
Mtoto wa kilo 3 ana damu karibu mililita 250. Kuotesha kunahitaji mililita 1 hadi 2, na vipimo vingine kiasi kidogo zaidi ya hapo. Kijiko cha chai ni mililita 5, kwa hiyo vyote pamoja havikijazi. Tatizo tunalokutana nalo ni kinyume chake: baba analalamika, mpimaji anaharakisha, chupa inapata nusu mililita, na bakteria wachache waliokuwemo hawanaswi. Ngozi nayo isiposafishwa vizuri na kuachwa ikauke, wanaota bakteria wa ngozi na jibu linatuchanganya. Mwacheni afanye kazi yake kwa utulivu.

Chembe nyeupe za damu ziko sawa. Mbona bado mnamlaza?
Kwa sababu chembe nyeupe zinaweza kuwa za kawaida kabisa kwa mtoto ambaye damu yake ina bakteria. Kipimo cha CRP, protini inayopanda mwili ukipambana na maambukizi, huchukua saa 6 hadi 12 kuanza kupanda. Mtoto aliyeanza homa saa mbili zilizopita anaweza kutoka na jibu zuri na bado akawa hatarini, ndiyo maana tunakirudia siku inayofuata. Vipimo hivi vinasaidia kuongeza wasiwasi. Kuuondoa peke yake, kwa mtoto wa wiki tatu, haviwezi. Tunapima pia sukari palepale kwa tone la kisiginoni, maana asiyenyonya hushuka sukari haraka, na tunachukua mkojo.

Maji ya mgongo je? Tumesikia yanalemaza.
Hayalemazi. Sindano huingia chini ya pale uti wa mgongo unapoishia. Kinacholemaza ni maambukizi ya utando wa ubongo yaliyocheleweshwa. Maji hayo ndiyo yanayotuonyesha kama bakteria wamefika kwenye utando huo. Mzazi akikataa, hatujui kama mtoto anahitaji sindano za siku 7 au za wiki tatu.

Majibu ya kuotesha hutoka lini?
Bakteria wengi huonekana ndani ya saa 48, ingawa maabara huendelea kuiangalia chupa hadi siku 5. Hatuyasubiri ndipo tutibu. Damu ikishachukuliwa, sindano za antibayotiki, ampisilini na jentamaisini, huanza saa ileile. Homa ikishuka siku ya pili, msiombe ruhusa. Dawa imeanza tu kazi.

Tumeshampa dawa. Tukigombezwa?
Njooni tu, na msifiche. Leteni chupa yenyewe, semeni vijiko vingapi na saa ya dozi ya mwisho. Njiani endelea kumnyonyesha kama anaweza. Akiwa na degedege, kifua kikibonyea ndani anapopumua, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au akilegea hadi aguswe ndipo ajongee, piteni moja kwa moja mapokezi, msipange foleni.