Kengele ya spidi: inalia kwa namba ya nchi gani?

Gari lililoandaliwa kwa soko la Dubai huanza kulia likifika kilomita 120 kwa saa. Lililotengenezwa kwa soko la India tangu Julai 2019 hulia kwa vipindi likipita 80, na mfululizo likipita 120. IST, Noah na Probox zilizojaa Mwanza nyingi hazilii kabisa, kwa sababu Japani iliacha kulazimisha kengele ya mwendo mwaka 1986. (Ile sauti ya dada ukiwasha gari inadai kadi ya ETC ya kulipia barabara za kwao. Haina habari na mwendo wako.)

Katika hizo, hakuna namba iliyopangwa kwa barabara zetu. Penye makazi, sheria yetu ni 50. Ukishapita Kisesa kuelekea Magu, ng'ombe hawasubiri. Kwa 80 gari linakwenda mita 22 kila sekunde, hivyo sekunde moja na nusu ya kushtuka inakula mita 33 kabla breki haijashika, na lami kavu inataka nyingine kama 35. Kwa 100 jumla inakaribia mita 100. Kengele ya 120 hapo ni pambo tu.

Kwa hiyo weka yako. Gari lenye skrini ndani ya mita ya spidi mara nyingi lina menyu ya onyo la mwendo, ila ikiwa kwa Kijapani wenye gari hupita bila kuijua. Tafuta ukurasa wenye namba inayopanda kwa 5 au 10 ikifuatiwa na km/h. Lisilo nayo linafungwa kile kidude cha kuonyesha spidi juu ya dashibodi. Viko vya aina mbili, na hapa ndipo watu wanapoliwa pesa. Cha kuchomeka kwenye tundu la OBD, lile la pini 16 chini ya usukani, kinasoma kompyuta ya gari. Magari ya Japani ya zamani tundu linaweza kuwepo na kidude kisisome kitu. Tena pini namba 16 ina umeme muda wote, kwa hiyo kidude kisichojizima kinanyonya betri usiku. Cha GPS kinapata umeme kwenye tundu la sigara na kinapima mwendo halisi kwa setilaiti. Mimi ningenunua cha GPS.

Sababu ni matairi. Gari lililotoka na 195/65R15 lina tairi la kipenyo cha milimita 634. Ukilinyanyua kwa 205/70R15 kwa ajili ya mashimo, kipenyo kinakuwa 668, zaidi ya asilimia 5. Kompyuta haijui, mita inasoma pungufu kuliko mwanzo, na cha OBD kinarithi kosa lilelile.

Pima hivi: kipande kilichonyooka, mwenzako ashike simu yenye programu ya GPS, wewe shikilia mshale kwenye 80 kwa sekunde 15, maana GPS huchelewa kidogo. Simu ikisoma 75 ni kawaida. Spidomita hutengenezwa izidishe, isipunguze. Ikisoma 84, rudisha saizi ya tairi, au kengele inayofuata mita iweke 76.

Kelele ikikuudhi, punguza sauti au pandisha namba kidogo. Usimwambie fundi akate waya wa baza, yaani kile kinachotoa mlio. Kwenye magari mengi baza hiyohiyo ndiyo inayokukumbusha mkanda, mlango na taa ulizosahau kuzima.

Mshale wa spidi ukirukaruka huku taa ya ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge) ikiwaka, anza na sensa za magurudumu. Ncha yake mara nyingi ina sumaku, hukusanya unga wa chuma na matope, ikafutwe kwa kitambaa kikavu. Halafu fungua plagi yake. Magari yanayooshwa kwa kuingizwa ziwani hadi maji yafike katikati ya magurudumu mara nyingi yanakutwa na kutu ya kijani humo. Safisha pini, zikauke kabisa, ndipo ufunge.