Qatar na ndege zake 96: mambo yanayonichosha

Nafundisha ufundi wa ndege, na kila muhula naanza na zoezi lile lile. Natoa spana moja ndogo kwenye ubao wa zana, ule ambao kila kifaa kimechorewa kivuli chake, naitia mfukoni, kisha nawaambia wanafunzi wafunge kazi. Asiyeona kivuli kitupu anarudi kesho yake kuitafuta, maana kwenye hanga la kweli ndege haitoki mpaka spana ile ionekane. Muhula huu, msako ukiwa umepamba moto, kijana mmoja akaniambia: "Mwalimu, Qatar wana ndege za kivita 96. Unadhani wao wanahangaika na vispana?"

Hiyo ilikuwa mara ya tatu mwaka huu. Mara ya kwanza niliisikia kwa mzee aliyekuja kuniomba ushauri juu ya mwanawe anayetafuta kazi Doha. Mara ya pili, na hii iliniuma, ni kwa fundi mwenzangu mwenye leseni. Basi leo nijibu hilo, pamoja na maneno mengine ninayoyasikia juu ya jeshi la anga la Qatar, halafu nikiulizwa tena nitakuwa na pa kumwelekeza mtu.

"Ana ndege 96, kwa hiyo ana jeshi kubwa la anga"

Hesabu yenyewe haikutoka hewani. Qatar iliagiza Rafale 24 kwa Wafaransa mwezi Mei 2015, ikaongeza 12 Desemba 2017. Iliagiza F-15QA 36 kwa Wamarekani Juni 2017, kwa mkataba wa dola bilioni 12. Na Desemba 2017 ikasaini na Waingereza kuchukua Typhoon 24. Jumlisha, unapata 96. Kabla ya hapo, kwa miaka ishirini, uti wa mgongo wa jeshi hilo ulikuwa Mirage 2000-5 kumi na mbili, basi. Kumi na mbili kwenda tisini na sita: naelewa kwa nini kijana wa miaka 20 anatoa macho.

Ila ndege ikishalipiwa, ugumu ndiyo kwanza unaanza.

Tuanze na viti. F-15QA zote ni za viti viwili, mbele rubani, nyuma mwenzake anayeshughulikia rada na silaha. Ndege 36 ni viti 72. Weka Rafale 36 na Typhoon 24, hata ukizihesabu zote kuwa za kiti kimoja (na si zote), unavuka watu 130 kwa kujaza viti mara moja tu. Mara moja haitoshi, kwa sababu mtu analala, anaugua, anaenda kozi, anapandishwa cheo akakalia meza. Kikosi kinachotaka kuruka usiku na mchana kinahitaji marubani wengi kuliko ndege zake. Raia wa Qatar hawafiki laki nne, watoto na wazee wakiwemo. Temeke peke yake ina zaidi ya milioni moja. Kwenye hao wasiofika laki nne unatafuta vijana wenye macho mazima, hesabu nzuri, moyo wa kazi, na ambao hawajavutwa na ofisi ya gesi yenye kiyoyozi.

Na rubani ndiye anayepatikana kwa urahisi, kwa sababu kila mtoto anataka kuwa rubani. Ni nani anayelala akiota kubadilisha pampu ya haidroliki saa nane za usiku mwezi wa Agosti, joto la Doha likiwa limekaa kwenye bati la hanga kama chapati kwenye kikaango? Kila saa moja angani, ndege ya kivita inadai saa nyingi za fundi chini. Huyo fundi haagizwi kwa katalogi. Mimi mwenyewe nahitaji miaka kumpika mtu hadi nimwamini aweke sahihi yake kwenye kitabu cha ndege ya abiria, na hiyo haina kiti cha kumrusha rubani nje wakati wa hatari wala makombora.

Sasa fikiria kuanzisha familia tatu za ndege kwa mpigo. Rafale ina injini mbili za M88. F-15QA ina mbili za F110. Typhoon ina mbili za EJ200. Hakuna hata moja inayoweza kumwazima mwenzake injini, na kila moja ina vitabu vyake, stoo yake ya vipuri, vifaa vyake vya kupimia na kozi zake. Mmarekani bado anapima kwa inchi. Mfaransa ni milimita. Rudi kwenye ule ubao wangu wa vivuli, ufanye kuwa mitatu, na ukumbuke kwamba spana ya huku ikihamia kule ni hatari kuliko ile iliyopotea kabisa.

Hata kunywa mafuta angani hazinywi namna moja. Rafale na Typhoon zina mrija unaochomeka kwenye kikapu kinachoburutwa nyuma ya ndege ya mafuta. F-15 haina mrija huo: ina tundu juu, penye shina la bawa la kushoto, na mtu aliye kwenye ndege ya mafuta ndiye anayeelekeza bomba gumu liingie humo. Ndege ya mafuta yenye kikapu peke yake haina cha kuipa F-15. Yenye bomba peke yake haina cha kuzipa hizo mbili. Mambo ya namna hii hayaonekani kwenye picha za gwaride la Desemba 18, siku ya taifa ya Qatar, lakini ndiyo yanayoamua ndege ngapi zitafika zinakokwenda.

Kwa nini basi Qatar ikanunua kwa watu watatu? Hapa naeleza ninavyoona mimi. Ukinunua Paris, Washington na London kwa pamoja, umenunua na marafiki watatu wenye sababu ya kutokuacha uanguke, maana viwanda vyao vinakula kwako. Kisiasa ni akili nyingi. Kwa fundi ni adhabu. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na wanaobishana mtandaoni huwa wanashika moja tu.

Tena Waqatari wenyewe wanalijua hili kuliko mashabiki wao. Tazama walivyojipanga. Marubani na mafundi wa Rafale walitangulia kwenda kufundishwa Ufaransa, kambi ya Mont-de-Marsan, ndege ya kwanza ikiwa bado kiwandani. Kwa Typhoon, waliunda kikosi cha pamoja na Waingereza, Kikosi nambari 12, kilichofufuliwa 2018 na kuwekwa Coningsby, Uingereza, ambako Mqatari na Mwingereza wanafanya kazi kwenye hanga moja. Typhoon 24 zilikuja na Hawk tisa za mafunzo kwenye mkataba uleule, na tangu 2021 Hawk hizo zinarukia Leeming, kaskazini mwa Uingereza. Na kabla ya yote hayo, 2012, waliagiza PC-21 ishirini na nne za Uswisi kwa ajili ya chuo chao cha anga. Aliyeagiza ndege za wanafunzi miaka mitatu kabla ya ndege za vita anajua anachofanya.

Hesabu pia miaka. Rafale: mkataba Mei 2015, ya kwanza ikakabidhiwa Mérignac, Ufaransa, Februari 2019, zikatua Qatar Juni mwaka huo. F-15QA: mkataba 2017, zikaanza kuwasili 2021. Typhoon: mkataba 2017, za kwanza zikafika Agosti 2022, miezi michache kabla ya Kombe la Dunia. Miaka minne, minne, mitano, na hiyo ni kwa mteja anayelipa bila kuomba punguzo.

Septemba 9, 2025 Israel iliposhambulia jengo katikati ya Doha, simu yangu ilijaa swali moja: zile 96 zilikuwa wapi? Waziri Mkuu wa Qatar alieleza kwamba silaha zilizotumika hazikuonwa na rada. Rubani wa kivita haoni kila kitu kwa macho yake; anaelekezwa na mnyororo mrefu wa rada, mawasiliano na watu wanaokesha kwenye skrini. Pete moja ikikosa kuona, hata ungekuwa na ndege 300 zimejipanga kwenye lami, zitabaki zimejipanga.

Kwa hiyo ukitaka kujua nguvu ya jeshi lolote la anga, acha idadi ya ndege. Uliza mafundi wangapi, saa ngapi za kuruka kwa rubani kwa mwaka, na asubuhi ya leo ndege ngapi kati ya zilizopo zinaweza kuwashwa na kuondoka. Nchi nyingi hazitakujibu. Kutokujibu huko nako ni habari.

"Walinunua kwa sababu ya mzingiro wa 2017"

Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilikata uhusiano na Qatar Juni 5, 2017. Rafale za kwanza ziliagizwa miaka miwili kabla. Marekani iliridhia kuuza F-15 Novemba 2016, ombi likiwa limekaa mezani muda mrefu. Mzingiro uliharakisha sahihi ya F-15, ukaleta Typhoon na zile Rafale 12 za nyongeza. Ulikuta safari imeshaanza.

"Ni jeshi la juzi, halijawahi kuona vita"

Hapa huwa nakunja uso, kwa sababu tarehe zipo wazi. Kikosi cha anga kilianza 1968, kabla hata ya uhuru wa 1971, na helikopta za Whirlwind chini ya polisi. Mwanzoni mwa miaka ya 70 zikaja ndege chache za kivita za Kiingereza, Hunter, zilizokwisha kutumika kwingine. Jina la Jeshi la Anga la Emiri likapatikana 1974. Miaka ya 80 wakahamia kwa Wafaransa: Alpha Jet sita, kisha Mirage F1.

Mirage F1 hizo ziliruka kwenye vita vya kuikomboa Kuwait, Januari 1991, wakati vifaru vya Qatar vikipigana Khafji, Saudi Arabia. Na hapa pana jambo la kutoa jasho: Iraq nayo ilikuwa na Mirage F1. Fikiria uko angani, mshirika wako yuko kwenye ndege yenye umbo lile lile la adui, na aliyekaa chini na kombora ana sekunde chache za kuamua.

Mwaka 2011 Mirage 2000-5 sita zilikwenda Souda, kisiwa cha Krete, na Machi 25 Qatar ikawa nchi ya kwanza ya Kiarabu kuruka juu ya Libya kwenye operesheni ya kimataifa dhidi ya majeshi ya Gaddafi. Njiani baadhi ya ndege zake zilitua Larnaca, Cyprus, mafuta yakiwa yamepungua. Watu walicheka. Mimi sikucheka, yale niliyosema juu ya vikapu na mabomba yanatoka kwenye safari kama hizo.

"Al Udeid ni ya Wamarekani"

Kambi hii ya anga ni ya Qatar. Waliijenga wenyewe miaka ya 90 kwa zaidi ya dola bilioni moja, kusini-magharibi mwa Doha, wakati jeshi lao lilikuwa na ndege za kujaza kona moja tu ya uwanja huo. Wamarekani walihamishia makao yao hapo kutoka Saudi Arabia mwaka 2003 na hawajaondoka. C-17, zile ndege kubwa za mizigo, na F-15QA za Qatar zinalala hapo hapo. Iran iliporusha makombora Juni 23, 2025, Patriot za Qatar, mitambo ya kutungulia makombora, zilifyatuliwa bega kwa bega na za Marekani.

"C-17 ni za Qatar Airways"

Ni za jeshi, zote nane. Mbili za kwanza zilifika 2009. Moja ilipakwa rangi za shirika la ndege, kichwa cha choroa, mnyama wa jamii ya swala, mkiani na yote. Rangi haibadilishi kitabu cha matengenezo.

"Qatar imepewa kambi Marekani"

Hii ni ya Oktoba 2025, na ilisambaa kabla chai haijapoa. Kilichotangazwa ni majengo ya mafunzo kwa F-15 za Qatar ndani ya kambi ya Mountain Home, Idaho, ambayo inabaki kuwa ya Marekani. Singapore wana F-15 zao hapo hapo tangu 2009 na hakuna aliyepiga kelele. Nchi yenye anga dogo hivyo itafundishia wapi ndege inayomaliza upana wa nchi nzima kwa dakika chache?

"Mirage za zamani walizitupa"

Mirage F1 zilikwenda Uhispania miaka ya 90 na zikaendelea kuruka. Zile Mirage 2000-5 kumi na mbili, Indonesia ilitangaza 2023 kuzinunua kwa dola milioni 792, kisha mwanzoni mwa 2024 ikasema imeahirisha. Ndege iliyotunzwa ina soko hata ikiwa na miaka 25. Nenda kawaulize wauza magari.

Na mtakaoendelea kuning'ang'ania na 96, mpunguze kidogo. Uturuki ilitangaza Oktoba 2025 kwamba inapanga kuchukua Typhoon 12 kutoka Qatar, na nyingine 12 kutoka Oman. Yule kijana nilimwambia hivyo. Akaanza kutoa kwa vidole, nikamkumbusha kwamba spana bado haijapatikana.