Kinachotisha zaidi katika Hounds of Love ni ile ndoa

Kazi yangu ni kuhariri picha na sauti za filamu. Vijana wengi wanaokuja kujifunza hutaka kutengeneza sinema za kutisha, na karibu wote huanza na damu, mapanga na kelele. Mimi huwaanzishia Hounds of Love, ya mwandishi na mwongozaji Ben Young wa Perth, magharibi mwa Australia. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Venice, Italia, mwaka 2016. Ni filamu ya fedha kidogo na waigizaji wachache, na sehemu kubwa ya hadithi iko ndani ya nyumba moja ya kawaida kabisa, katika mtaa wenye majirani pande zote.

Ni kiangazi cha 1987. Vicki, msichana wa shule, ana hasira na mama yake aliyeachana na baba. Usiku anatoroka kwenda kwenye sherehe. Njiani gari linasimama. Ndani mna mtu na mkewe, John na Evelyn. Wanamsemesha kwa upole, wanamwahidi bangi na usafiri. Anapanda kwa sababu ndani ya gari kuna mwanamke mwenzake. Usiku huohuo anajikuta amefungwa minyororo kitandani kwao. Hadithi ni ya kubuni, lakini watazamaji wengi waliihusisha na wapenzi wawili waliokamatwa Perth mwaka 1986 kwa kuteka na kuua wanawake.

Ukiitazama kwa makini utaona kwamba nyumba ile ina mateka wawili. Mmoja ana mnyororo. Mwingine anaweza kufungua mlango wa mbele na kuondoka saa yoyote, na haondoki. Vijana wangu huuliza palepale: kwani Evelyn si aondoke tu? Filamu nzima inajibu swali hilo, na inalijibu kwa vitendo vidogo, bila mhusika yeyote kusimama na kutuhubiria.

Evelyn ana watoto ambao hayuko nao tena, na anawatamani mno. John anajua. Anamwahidi kwamba watarudi, na kila Evelyn anapoanza kusita, ahadi ile inatolewa tena, mpya kabisa, pamoja na busu na neno tamu. Kisha anamnyima. Kisha anampa tena. Anamfanya amwonee wivu msichana aliyefungwa chumbani, halafu anamtuliza kwamba yeye ndiye anayependwa. Evelyn anabaki akipigania nafasi ya kwanza kwa mtu anayemwangamiza. Mbwa wake, kiumbe pekee anayempenda bila masharti pale ndani, anauawa na John. Hata baada ya hapo kamba iliyomfunga haikatiki mara moja, na hili naliona kuwa kweli kabisa kwa namna mambo haya yanavyokwenda. Vicki, akiwa palepale kitandani, anaisoma ndoa ile haraka kuliko Evelyn mwenyewe, na anaanza kupenyeza maneno kwenye ufa alioona.

Sasa mwangalie John akiwa nje. Kuna wanaume wanaomdai fedha, na mbele yao anakuwa mdogo, anameza matusi, anainamisha macho. Akivuka kizingiti cha nyumba yake anageuka mfalme. Young alimpa nafasi hiyo Stephen Curry, mwigizaji ambaye Waaustralia walimpenda kwa vichekesho tangu filamu The Castle ya mwaka 1997, na nadhani huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika filamu hii. Sinema nyingi zinampa muuaji akili nyingi, sauti nzito, hata haiba, mpaka mtazamaji anatoka akimwigiza. John hana lolote la kuigwa. Ni mwanamume aliyefundishwa kwamba lazima awe juu ya mtu fulani, na watu pekee anaowaweza ni mwanamke anayempenda na msichana aliyefungwa. Wolf Creek, filamu nyingine ya kutisha ya Australia ya 2005, ilipeleka hofu mbali, kwenye nyika tupu ambako hakuna wa kukusikia. Hapa majirani wako karibu kabisa.

Kazi ya kamera na sauti ndiyo inayonirudisha kila mara. Filamu inaanza na wasichana wa shule wakicheza mpira wa pete, picha zikiwa zimepunguzwa mwendo hadi karibu zisimame. Kamera inapita polepole kwenye miguu, shingo, vifua. Kisha tunagundua kwamba macho yale ni ya watu waliokaa ndani ya gari. Mtazamaji amewekwa kwenye kiti kile kabla hajaulizwa kama anataka, na hapati njia ya kushuka. Sijaona ufunguzi mwingine unaoeleza kwa uwazi huo jinsi macho pekee yanavyoweza kumgeuza mtu kuwa kitu.

Halafu kuna mlango. John anapoingia chumbani kwa Vicki kufanya unyama wake, mara nyingi sisi tunaachwa nje. Hatuoneshwi mwili unaoteswa. Tunaachiwa sauti na mawazo yetu. Kwa mhariri huu ni uamuzi mgumu, kwa sababu shoti, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa, ya mlango uliofungwa haina kitu cha kutazama na mkono unakuwasha uikate. Lakini ukiiacha, mtazamaji anaanza kusikiliza kama jirani anavyosikiliza kupitia ukutani. Ubakaji ukioneshwa kwa ukaribu, mara nyingi kamera inakuwa upande wa mbakaji hata kama mwongozaji hakukusudia. Young alilikwepa hilo, na sauti imebeba mzigo wote. Kuna pia tukio la usiku ule wa kwanza, Vicki akiwa amelewa dawa waliyomtilia, huku wanandoa wale wakicheza wimbo wa mapenzi wa bendi ya Uingereza, The Moody Blues. Wimbo haujabadilishwa chochote, na sitausikia tena kama zamani.

Udhaifu upo. Polisi wamechorwa kwa haraka, wanasema tu kwamba binti ametoroka, na barua ya Vicki yenye ujumbe wa siri inafumbuliwa kwa urahisi ambao sikuuamini. Sikai sana hapo.

Mwaka 2007 mtaalamu wa Marekani, Evan Stark, alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba ukatili wa nyumbani hauhesabiki kwa makofi tu. Ni mfumo wa kila siku wa kumdhibiti mwenzi, kumtenga, kumpangia, kumtisha na kumpa matumaini kwa kipimo. Jimbo la New South Wales, Australia, lilipitisha sheria mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na kumdhibiti mwenzi kwa namna hiyo sasa ni kosa la jinai lenye adhabu ya hadi miaka 7 jela. Mtu akiniuliza mahakama inatafuta nini katika kesi kama hizo, nitamwambia aangalie matukio ya mezani na chumbani kati ya John na Evelyn, yale ambayo hakuna anayepigwa.

Emma Booth, naye wa Perth, alipata tuzo ya AACTA, tuzo kuu ya filamu Australia, ya mwigizaji bora wa kike mwaka 2017 kwa nafasi ya Evelyn. Ninachomshukuru ni kwamba hakumsafisha. Evelyn ndiye chambo. Yeye ndiye aliyemfanya Vicki aamini gari lile. Anamtesa msichana mwingine ili yeye aendelee kupendwa, na Booth anatuonesha mateso yake bila kutuomba tumsamehe. Kijana mmoja niliyemfundisha alikasirika, akataka filamu iseme wazi kama Evelyn ni mhanga au mhalifu. Ni vyote viwili, kuanzia shoti ya kwanza hadi ya mwisho.